Siku Moja ya Mwaka Milimani: Mwongozo wa Kuanzisha Matembezi ya Sikukuu na Marafiki, Kuanzia Tanga

Kila mwaka ifikapo Mei, simu yangu huanza kupokea maswali yaleyale: twende mlima gani, tuvae viatu vya namna gani, nani ashike fedha, na je, mtu ambaye matembezi yake marefu ni kutoka Ngamiani hadi Raskazone ataweza? Mimi na wenzangu wa hapa mjini Tanga tumekuwa tukipanda Usambara pamoja kila Nane Nane kwa miaka 9 sasa, na kwa kuwa majibu ninayotoa hayabadiliki sana, nimeona ni afadhali niyaandike yote mahali pamoja.

Naomba ushike jambo moja kabla ya mengine. Safari ya kwanza si ngumu. Marafiki hupanda mlima kwa shauku, wakapiga picha, wakaahidiana kurudi, na mwaka unaofuata hakuna anayemkumbusha mwenzake. Iliyo ngumu ni safari ya pili. Kwa sababu hiyo, karibu kila hatua iliyomo humu nimeiandika huku nikiuangalia mwaka wa pili, hata pale inapoonekana kwamba nazungumzia wa kwanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwa kila mtu:

- Viatu vya kufunga kamba vyenye soli ya meno, ambavyo vimeshavaliwa angalau wiki 4. Raba nzuri inatosha kwa njia nitakazozitaja. Yeboyebo na makubazi hayafai.
- Soksi jozi 2, moja ya kuvaa na moja ya akiba iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji.
- Sweta na koti la mvua. Hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mtu wa Tanga aliyeondoka kwake akitokwa na jasho hushangaa usiku wa Agosti anapohitaji blanketi mbili.
- Maji lita 2 hadi 3.
- Kofia, filimbi, na tochi yenye betri mpya. Taa ya simu usiihesabu kuwa tochi, maana simu hiyo ndiyo utakayoihitaji kuombea msaada.
- Chakula kisichoharibika wala kupondeka: chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo au viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga, tende, kashata.

Kwa kundi zima:

- Mfuko wa huduma ya kwanza wenye plasta pana, bendeji ya kuvutika, pamba, dawa ya kusafishia vidonda, dawa ya maumivu, na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji.
- Kanga mbili. Kanga ni kitambaa cha kukalia, kamba ya kufungia mkono uliovunjika, kivuli na taulo.
- Daftari na kalamu. Nitaeleza kazi yake katika hatua ya 10.

Hatua ya 1: Chagueni tarehe kabla ya kuchagua mlima

Wengi huanza na mlima, kisha wakatafuta siku ambayo kila mtu ana nafasi. Siku hiyo haipo. Anzeni na sikukuu yenye tarehe isiyohama, ili ifikapo Januari kila mmoja awe anajua tayari siku hiyo si ya harusi wala ya kujenga banda.

Zipimeni sikukuu zetu kwa mvua. Tarehe 7 Aprili, 26 Aprili na 1 Mei zote zinaangukia masika, wakati njia za Usambara zinateleza na barabara za udongo hazitabiriki, ziacheni. Najua 9 Desemba inamvutia kila mpenda milima, kwa kuwa usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro, lakini kwetu Desemba ni mwezi ambao vuli inaweza kuwa bado haijakatika. Zinazobaki ni 12 Januari, 7 Julai, 8 Agosti, na kwa kubahatisha kidogo 14 Oktoba. Sisi tulichagua Nane Nane kwa sababu kipupwe ni kikavu na jua lake halichomi. Ikiwa miongoni mwenu kuna wakulima au wafanyabiashara wanaoweka mabanda kwenye maonyesho, Saba Saba na Nane Nane zote zitawasumbua, na hapo 12 Januari ndiyo siku yenu.

Angalieni pia dini, kwa maana marafiki wa Tanga mara nyingi ni Waislamu na Wakristo pamoja. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo waliochagua 12 Januari wajue kwamba mwaka 2030 siku hiyo inatarajiwa kuwa ndani ya mfungo. Nane Nane ya mwaka 2027 ni Jumapili na ya mwaka 2031 ni Ijumaa. Hakuna haja ya kuhamisha tarehe kwa ajili hiyo. Mnachohamisha ni saa ya kuanza, ili wenzenu wa kanisani wawahi misa ya kwanza, au njia yenyewe, ili saa 7 mchana iwakute karibu na msikiti.

Hatua ya 2: Kusanya watu wachache

Anza na watu 4 hadi 8. Chini ya 4, mmoja akiumia hakuna wa kubaki naye na mwingine wa kwenda kutafuta msaada akiwa na mwenzake. Zaidi ya 8, kundi hukatika vipande na kiongozi hajui nani yuko wapi. Waulize ana kwa ana, mmoja mmoja. Tangazo la jumla kwenye kundi la WhatsApp huitikiwa na watu 20 na kuhudhuriwa na 3.

Kosa la kawaida hapa ni kuwachagua wenye nguvu pekee. Chagueni watu wanaopendana na wanaoweza kungojana. Katika kundi letu yumo mama anayeuza samaki Deep Sea, ambaye mwendo wake ni wa polepole kuliko wetu sote, na bila yeye nina hakika tungeshaacha zamani, kwa sababu ndiye anayepiga simu mwezi Juni kuuliza kama tumeshasahau.

Hatua ya 3: Njia ya mwaka wa kwanza iwe fupi kuliko mnavyotamani

Kwa mtu anayetoka Tanga nina mapendekezo matatu, na ninayapanga kwa ugumu.

Kama hakuna hata mmoja wenu aliyezoea kutembea, mwaka wa kwanza nendeni kwa miguu kutoka mjini hadi Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita kama 8 kaskazini, mkaingie pangoni na mwenyeji wa pale, mle, mrudi kwa gari. Si mlima, na hakuna ubaya wowote. Mtakuwa mmejua nani ana viatu vibovu na nani hanywi maji mpaka aumwe kichwa.

La pili, na ndilo ninalowasihi wengi walichague, ni Lushoto hadi Irente. Mnasafiri siku moja kabla kupitia Muheza, Korogwe na Mombo, kisha mnapanda kona za Soni hadi Lushoto na kulala huko. Asubuhi mnatembea kilomita 5 au 6 kupitia vijiji na mashamba ya kabichi, maharage na migomba, njia ambayo watoto wa shule huipita kila siku, na mwishoni ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yenu. Mara ya kwanza nilipofika nilikaa chini bila kuamriwa na mtu. Karibu mita 1,000 chini yako iko Mazinde, mashamba ya mkonge yamechorwa mistari, na barabara kuu ya kwenda Moshi imelala kama uzi uliodondoka, malori yake yakisogea bila sauti. Upepo unapanda kutoka bondeni ukiwa na joto la tambarare, wakati mgongoni mwako bado una baridi ya mlimani. Tazameni kwa utulivu na mkae mbali na ukingo, hasa wakati wa kupiga picha; jiwe lenye ukungu wa asubuhi linateleza kama sabuni.

La tatu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, juu ya Muheza. Msitu ni mzito, bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na miti yake bado ipo, na mkitulia mtawaona mbega weusi kwa weupe wakiruka juu ya vichwa vyenu. Hata hivyo Amani iko karibu na bahari kiasi kwamba hunyeshewa hata katika miezi ambayo kwingine ni mikavu, na barabara yake ya udongo huhitaji gari lililo imara. Mwaka wa pili au wa tatu ndio wake.

Msitu wa Magamba na njia ndefu za kwenda Mtae ziacheni hadi kundi lenu limezoeana. Njia nzuri ya kuanzia ni ile yenye nyumba za watu kando yake, kwa sababu penye nyumba pana maji, bodaboda na mtu wa kuuliza.

Hatua ya 4: Pigeni hesabu ya muda kwa maandishi

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 600 za kupanda itakuwa saa 3 na dakika 24. Lakini kanuni hiyo ni ya mtembezi mzoefu asiyesimama. Kwa kundi la wanaoanza ongeza nusu yake, kisha ongeza saa 1 ya kula na kusali, na utaona kwamba njia hiyo inakula saa 6.

Mwezi Agosti jua huzama kama saa 12 na nusu jioni, na mabondeni giza hutangulia. Kwa hiyo wekeni saa ya kugeuka, na sisi tumeweka saa 8 mchana. Ikifika, tunageuka popote tulipo, hata kama kilele kinaonekana. Kanuni hii lazima ikubaliwe mjini, watu wakiwa wameketi na wameshiba, kwa sababu juu mlimani kila mtu husema bado kidogo.

Hatua ya 5: Changeni kidogo kidogo

Kinachovunja makundi mengi ni fedha, kuliko mlima. Orodhesheni nauli, malazi, viingilio, malipo ya mwenyeji na chakula, kisha gaweni kwa idadi yenu na kuongeza sehemu ya kumi kwa dharura. Tuseme imefika shilingi 70,000 kwa mtu. Mwenye mshahara anaweza kuitoa siku moja; mwenye genge hawezi, naye ataona haya kusema na atakuambia ana udhuru. Mkichanga shilingi 10,000 kila mwezi kuanzia Januari, mwezi Julai kila mtu amemaliza na hakuna aliyeaibika.

Mchagueni mtunza fedha mmoja, awe mtu ambaye mngemwamini kuwa kijumbe wa upatu wenu, na kila mwisho wa mwezi aandike hadharani nani ametoa na kiasi gani kimo. Wekeni tarehe ya mwisho, na baada ya tarehe hiyo msimhesabu ambaye hajatoa, awe nani.

Tahadhari kuhusu gari la kukodi: lipeni nusu mnapokubaliana na nusu mnapofika. Mwaka wetu wa tatu tulimlipa mwenye gari kila kitu mapema. Tulikuwa tumepatana atuchukue saa 11 alfajiri twende Amani na kurudi siku hiyohiyo. Alitufikia saa 3 asubuhi bila hata kuomba radhi. Tulikuwa hatujaweka bado saa ya kugeuka, tukaona haya kuacha tulichokilipia, na matokeo yake tuliteremka msituni gizani tukiwa na tochi mbili kwa watu saba. Nilishika mkoba wa aliyenitangulia, na wa nyuma yangu akashika wangu, na tulitembea hivyo kwa zaidi ya saa nzima huku tukihesabiana kwa sauti, moja hadi saba, moja hadi saba. Tulifika salama. Nisingependa wewe ufike hivyo.

Hatua ya 6: Tafuteni ruhusa na mwenyeji

Kuingia Amani au Magamba kunahitaji kibali na kiingilio, kwa kuwa misitu hiyo ya hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ulizeni bei wiki mbili kabla, lipeni kwa utaratibu wa serikali, na stakabadhi mtembee nayo. Kwa njia za vijijini, piteni ofisi ya kijiji mjitambulishe. Mzee mtakayemkuta barazani mwamkieni kwanza, mkae kidogo, ndipo mseme mlichojia. Wageni wanaopita kimya na mikoba mikubwa katika mashamba ya watu huleta wasiwasi, na wenye mashamba wana haki ya kuwaulizeni.

Mchukueni mwenyeji wa kuwaongoza, hata kama mmoja wenu anadai anaijua njia. Pataneni malipo kabla ya kuondoka: ni ya siku nzima au ya nusu, ni ya kundi au ya kila kichwa, chakula chake ni juu ya nani. Mkimpata aliye mwema, mwombeni namba yake na mrudi kwake mwaka ujao. Wetu wa Lushoto sasa ni kama ndugu. Yeye ndiye hutuambia kama njia imebomoka au kama mwaka huu baridi imezidi.

Msing'oe chochote. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Lile ua dogo la zambarau linaloitwa Saintpaulia, ambalo leo linapandwa vyunguni madirishani karibu dunia nzima, asili yake ni misitu yetu; Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huku Usambara, alilipeleka Ulaya mwaka 1892. Huko nje limekuwa la kawaida, ilhali porini kwetu linapungua pamoja na misitu. Ukiliona limejishikiza kwenye mwamba wenye kivuli, ulitazame na kuliacha.

Hatua ya 7: Mazoezi ya wiki 6

Tanga ni tambarare, na hilo ndilo tatizo letu. Tembeeni mara tatu kwa wiki, mbili za dakika 45 na moja ndefu ya Jumamosi alfajiri, mkiiongeza hadi ifike saa 3. Mchanga wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa huichosha misuli ya mashavu ya miguu vizuri. Mwenye ofisi ya ghorofa atumie ngazi kupanda na kushuka, kwa sababu kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Kuanzia wiki ya tatu bebeni mkoba wenye chupa za maji zilizojaa, na vaeni viatu vilevile na soksi zilezile mtakazoendea.

Sisitizo langu la viatu lina sababu. Safari yetu ya kwanza, rafiki yetu mwalimu alikuja na raba mpya alizozinunua juzi yake. Hatukuwa tumefika nusu ya njia alipoketi juu ya gogo na kuvua kiatu: soksi ilikuwa imegandamana na kisigino, na chini yake lengelenge kubwa kuliko sarafu ya shilingi 200 lilikuwa limejaa maji, pembeni ngozi imekuwa nyekundu. Tulilisafisha kwa maji ya kunywa, tukalikausha kwa pindo la kanga, tukakata pamba nene tukaitoboa katikati ili tundu likae juu ya lengelenge na kingo zake zipokee msuguano, kisha tukafunga kwa plasta. Alirudi akitembea mwenyewe, ila mwaka uliofuata ilibidi tumbembeleze sana.

Hatua ya 8: Gaweni kazi

Anayetangulia huweka mwendo, na mwendo wenyewe ni wa yule aliye mwepesi wa kuchoka. Kipimo ni mazungumzo: kama watu hawawezi kuongea huku wanatembea, mmeenda mbio. Anayefunga mkia haruhusu mtu kubaki nyuma yake. Mwingine hubeba dawa na kujua nani ana pumu, kisukari au shinikizo la damu. Mwingine ana daftari. Kila mwaka kazi zizunguke, isipokuwa ya fedha, ambayo haibadilishwi bila sababu.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Kunyweni chai nzito saa 12 asubuhi na muanze saa 1. Mwachieni mtu aliye mjini jina la njia, idadi yenu, namba ya mwenyeji na saa ambayo akikosa simu yenu aanze kuuliza. Pumzikeni dakika 5 kila baada ya dakika 50, na kila mtu anywe maji hata kama hana kiu. Penye njia panda, wa mbele asubiri mpaka mfunga mkia afike. Kanuni hii moja imetuepusha kupoteana miaka yote. Suruali iingizwe ndani ya soksi mnapopita penye siafu. Taka zote zirudi mjini, pamoja na maganda ya mayai.

Hatua ya 10: Fungeni mwaka ujao kabla ya kuachana

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila kundi huiruka, na ndiyo inayofanya haya matembezi yawe ya kila mwaka. Jioni hiyohiyo, kabla hamjapanda gari, kaeni mahali pa chai mkafungue daftari. Andikeni tarehe, majina, njia, saa mlizotumia, gharama halisi, na nini kilipungua. Kisha, miguu ingali inauma, mkubaliane njia ya mwaka ujao na kila mmoja atoe mchango wa kwanza papo hapo, hata wa shilingi 2,000. Aliyekwisha kutoa chake amekwisha kuamua.

Wekeni pia kitu kimoja kisichobadilika. Sisi kila mwaka hula mlo uleule wa mapumziko, mihogo ya kuchemsha na pilipili ya kusaga anayoitengeneza mama wa Deep Sea, na tunapiga picha tukiwa tumesimama kwa mpangilio uleule. Nikiziweka picha hizo pamoja naona watoto wawili waliokuja migongoni mwa mama zao ambao sasa wanabeba mikoba yao wenyewe.

Mambo yakienda kombo

*Mvua imenyesha usiku kucha.* Ulizeni mwenyeji. Akisema njia haifai, tembeeni barabarani kwa saa 2 mkarudi, lakini tembeeni. Mkishaiahirisha tarehe mara moja, mtaiahirisha tena.

*Mtu anatetemeka na maneno yake yanapotea.* Amepatwa na baridi. Mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, mfunikeni, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari, na mshuke naye.

*Mtu ana kichwa kinachouma, kizunguzungu na mkojo wa rangi nzito.* Amepungukiwa maji. Kivuli, mapumziko, na maji ya chumvichumvi. Pakiti zikiwa zimekwisha, changanyeni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vijiko vya kusawazishwa.

*Kifundo cha mguu kimeteguka.* Fungeni bendeji, mpunguzieni mzigo wote, mteremke taratibu hadi penye bodaboda. Kikivimba upesi na hawezi kukikanyaga, mtibuni kama aliyevunjika na msimtembeze.

*Upupu.* Usijikune. Nywele zake zinaseni kwa gundi ya plasta, kisha oga na ubadilishe nguo.

*Nyoka ameuma.* Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Mtulizeni, mguu au mkono usitikisike, na mbebeni hospitali mara moja.

*Mmepoteana.* Aliyepotea asimame pale alipo na apige filimbi mara tatu, anyamaze, arudie. Dharura inayowazidi, pigeni 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Mitandao ya simu hukatika mabondeni, kwa hiyo mmoja akapande penye uwazi akiwa na mwenzake.

*Rafiki analeta wageni watatu dakika ya mwisho.* Mkataeni kwa upole na muwaandike kwenye daftari kwa ajili ya mwaka ujao. Chakula, gari na mwenyeji vilipangwa kwa idadi.

*Wengi wamepata udhuru na mmebaki wawili.* Nendeni Irente, penye watu, mkiwa na mwenyeji, na muandike majina yenu mawili kwenye daftari chini ya tarehe. Mwaka wetu wa nne tulikuwa watatu tu. Wa tano tulirudi kuwa tisa, na watano kati yao walisema walikuja kwa sababu walisikia hatukuacha.

*Mwenzenu amehamia mbali.* Wetu mmoja alihamishiwa kazi Mwanza. Tulipatana kwamba kila Nane Nane saa 1 asubuhi naye aanze kutembea huko aliko, kwenye vilima vya mawe juu ya ziwa, na saa 6 mchana tunapigiana simu tukiwa tumekaa kula. Jina lake linaandikwa kwenye daftari pamoja na yetu, na mbele yake kilomita alizotembea.